Watu Wanne na Godoro Moja

Tulikuwa wanne jioni ile tulipoingia chumbani kwa rafiki yetu: mchungaji, mwinjilisti na wazee wawili wa kanisa. Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa ameimba besi katika kwaya ya usharika. Miezi mitano kabla ya hapo alianza kulalamika kwamba nyama inamkwama. Baadaye ndizi nazo zikaanza kumkwama, na mwisho hata mtori ukawa unapita kwa shida. Alipopimwa akaambiwa ana saratani ya umio, yaani ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Ni saratani inayoonekana sana katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki, na mara nyingi mtu huanza kuisikia ikiwa imeshakwenda mbali.

Tuliimba, tukasoma Neno, tukaomba kwa sauti kubwa. Tuliukemea ugonjwa. Tulitangaza kwamba atapona, na kwamba Pasaka itamkuta amesimama na wenzake kwenye safu ya besi. Tulipomaliza, kila mtu alisema Amina isipokuwa yeye. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ambayo ilikuwa imeshakuwa nyembamba: "Mchungaji, nikifa mtasema sikuwa na imani?"

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alisema haraka, "Usiseme hivyo, Mwalimu. Wewe hufi." Mke wake akatoka, akaenda jikoni. Tukaaga tukaondoka, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyezungumza.

Swali la Mwalimu ndilo tunalotaka kulitafakari hapa, kwa sababu si lake peke yake. Katika kila usharika yupo mtu anayelala na swali hilo usiku. Tunapokwenda kumtia moyo rafiki mwenye saratani, tunampa nini hasa? Na je, kumwahidi uponyaji ni imani, au ni kitu kingine ambacho tumekivika nguo za imani?

Tuanze na kilichotokea jioni ile. Tulimkuta rafiki yetu amebeba mizigo miwili. Mmoja ni ugonjwa wenyewe, wa pili ni hofu ya yale yanayokuja. Tulipotoka tulikuwa tumemwongezea wa tatu: kutuonyesha kwamba anaamini. Tangu hapo asingeweza kusema "naumwa sana leo" bila kuonekana amerudi nyuma. Asingeweza kuzungumza na mke wake habari za shamba na ada ya mtoto wa mwisho bila kuambiwa anajitabiria kifo. Na kama angekufa, hata kifo chake kingehesabiwa kuwa kosa lake. Sisi tulikwenda zetu tukiwa wepesi. Yeye alibaki akiwa mzito kuliko tulivyomkuta.

Tulijitetea mioyoni kwamba tulisema vile kwa upendo, na ni kweli kwamba tulimpenda. Lakini Katekisimu Ndogo tuliyoisoma kwenye mafundisho ya kipaimara ina neno la kutuambia hapa. Katika kueleza amri ya pili, ile inayolinda jina la Mungu, Martin Luther anaweka kudanganya kwa jina hilo mahali pamoja na laana na uchawi. Sisi huwa tunafikiri amri hiyo inawahusu walevi wanaoapa barabarani. Tunasahau kwamba jina la Mungu linaweza kutumiwa vibaya na watu waliopiga magoti pia. Tukisema "Bwana ameniambia utapona," na Bwana hakutuambia, tumeweka saini yake kwenye barua aliyoiandika mtu mwingine. Na atakayekwenda na barua hiyo, akafika akaambiwa si halali, ni mgonjwa.

Kuna ndugu watakaotujibu hapa, na wana haki ya kusikilizwa. Watasema, "Mchungaji, mnatufundisha kukata tamaa. Yesu aliponya. Yakobo katika sura ya tano anaagiza wazee wa kanisa waitwe, wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, na anasema wazi kwamba maombi ya imani yatamwokoa." Ni kweli, andiko hilo liko na hatuna ruhusa ya kulipunguza. Tunaomba uponyaji, na tutaendelea kuuomba. Tumeona watu waliopona ambao madaktari walikuwa wamewaambia wajiandae, na tumemshukuru Mungu pamoja nao ibadani. Kanisa lisiloomba uponyaji limeacha kumchukua Mungu kuwa Baba.

Lakini tumsome Yakobo taratibu. Mgonjwa katika andiko lile amepewa kazi moja tu, kuwaita wazee. Wanaoomba ni wazee, na maombi ya imani ni yale yanayotoka vinywani mwao. Hakuna mahali Yakobo anapomwambia mgonjwa apime imani yake. Basi kama kuna wa kujiuliza juu ya imani, wa kwanza ni sisi tuliosimama.

Tena Maandiko hayo hayo yanatuonyesha waamini waliougua na wasiponywe. Paulo, ambaye watu wengi waliponywa kwa mikono yake, aliomba mara tatu mwiba uondolewe mwilini mwake. Aliachwa nao, akapewa neema ya kumtosha. Mwishoni mwa waraka wa pili kwa Timotheo anasema, kama jambo la kawaida tu, kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Hasemi kwamba Trofimo alikosa imani, wala haombi radhi. Alikuwa mtenda kazi mwenzake, akaugua, na safari ikaendelea bila yeye.

Vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadneza, katika Danieli sura ya tatu, walimjibu mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa. Kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu. Maneno hayo ya pili, ya "hata asipofanya," hayakupunguza imani yao. Yalionyesha kwamba wamemshika Mungu mwenyewe, si faida wanayoipata kwake. Naye Bwana wetu katika Getsemane aliomba kikombe kimwondokee, aliomba kwa machozi na zaidi ya mara moja, na kila mara aliacha neno la mwisho kwa Baba. Nani atathubutu kusema kwamba maombi yale yalikuwa na upungufu wa imani?

Kwa hiyo yako maombi ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Moja humwomba Mungu kila kitu na kumwachia jibu. Nyingine humtangazia Mungu jibu na kumwachia mgonjwa deni.

Luther alilisema jambo hili kwa namna yake huko Heidelberg mwaka 1518. Alifundisha kwamba yupo mwanatheolojia wa utukufu, ambaye huita kibaya kizuri na kizuri kibaya, na yupo mwanatheolojia wa msalaba, ambaye huita kitu jina lake halisi. Chumbani kwa mgonjwa tofauti hiyo inaonekana wazi. Mwanatheolojia wa utukufu hawezi kulitamka neno saratani. Anasema "kile kitu," anasema "ile hali," anasema "adui." Mwanatheolojia wa msalaba anaweza kulitamka, kwa kuwa anajua Mungu ameshawahi kuingia mahali pabaya kuliko hapo. Mungu tunayemhubiri alipigiliwa misumari na kutundikwa juu ya mti. Haogopi chumba chenye harufu ya dawa na beseni chini ya kitanda.

Sasa turudi kwa watu wanne. Marko, katika sura ya pili, anasimulia habari za mtu aliyepooza huko Kapernaumu, aliyeletwa na watu wanne. Walipokuta mlango umezibwa na umati walipanda juu, wakatoboa dari, wakalishusha godoro mpaka mbele ya Yesu. Tumehubiri habari hii mara nyingi, na bado kuna jambo moja ambalo tulichelewa kuliona. Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Hasemi imani yake. Aliyelala kwenye godoro hajasema neno lolote. Hatujui kama aliamini, au alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuweza kuamini wala kukataa. Imani iliyoonekana siku ile ilikuwa mikononi mwa waliobeba, katika mabega yaliyouma na vumbi la dari lililowaangukia.

Hili ndilo jambo moja ambalo makala hii inataka kulisema. Saratani inachukua nguvu za mtu. Inachukua uzito wake, usingizi wake, sauti yake, na kuna siku inachukua hata uwezo wake wa kuomba. Siku hiyo rafiki yetu hahitaji kuhimizwa aamini kwa bidii zaidi. Anahitaji watu wa kushika pembe za godoro. Kanisa lipo ili imani isiwe mzigo wa mtu mmoja. Tunapokiri pamoja Imani ya Mitume siku ya Jumapili, sauti ya ndugu wa kulia inanichukua siku ambayo yangu haitoki, na wiki ijayo huenda nikamchukua yeye. Mgonjwa asiyeweza kufika kanisani asikosekane katika mpango huo.

Tunabebaje? Tunajifunza kwanza kutoka kwa marafiki wa Ayubu, ambao tumezoea kuwasema vibaya. Katika sura ya pili walipofika wakamwona, walilia, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hapo walikuwa wachungaji wazuri. Waliharibu walipoanza kueleza. Na mwisho wa kitabu hasira ya Mungu iliwaka juu yao, ingawa walikuwa wamemtetea yeye, na akasema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, yule aliyelalamika. Kila anayekwenda kumwona mgonjwa na alikumbuke hilo.

Tusimtafutie mgonjwa dhambi. Wanafunzi walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, katika Yohana sura ya tisa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akalikataa swali lenyewe. Sisi nasi tukatae, pamoja na ndugu zake wa siku hizi: laana ya ukoo, jicho la jirani, zaka ambayo haikutolewa. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, tayari ana aibu ya kutosha. Ugonjwa wake mara nyingi huanzia kwa kirusi ambacho wasichana wetu wanachanjwa dhidi yake tangu chanjo ilipoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Tukizungumza habari hizo kanisani bila kuona haya, tutaokoa mabinti wengi kuliko tutakavyookoa kwa minong'ono.

Tusimtenge na dawa. Nabii Isaya alimletea Mfalme Hezekia neno la Mungu kwamba ataongezewa miaka kumi na mitano, na nabii huyohuyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi na dawa vilitoka kinywa kimoja. Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Luther aliandika kwamba anayekataa dawa hamtegemei Mungu bali anamjaribu. Tunayasema haya tukikumbuka mwaka 2011, misururu ya magari ilipoelekea Samunge huko Loliondo kwenda kunywa kikombe, na baadhi ya watu wakaacha dawa zao. Hatumhukumu mtu aliyekwenda. Mwenye maumivu hufuata kila mlango ulio wazi. Lakini tunajiuliza kama wengine walikimbilia huko kwa kuwa hatukuwa tumewafundisha kwamba daktari wa hospitali naye ni mkono wa Mungu, na kwamba mofini anayompa mgonjwa ili alale usiku si dalili ya kushindwa kwa maombi. Huduma ya tiba shufaa, ambayo hospitali zetu za kanisa zimeifanya kwa miaka mingi, ni njia moja ya kushika godoro.

Na tushike kweli, kwa mikono. Tiba ya mionzi huchukua wiki nyingi. Kwa muda mrefu watu wengi wamelazimika kuifuata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, au Mwanza, Hospitali ya Bugando. Huko mgonjwa anahitaji mahali pa kulala, nauli, na mtu wa kumshika mkono kwenye foleni. Nyumbani kuna ng'ombe wa kukatiwa majani, na mtoto ambaye hakuna wa kumkagua daftari. Jumuiya inayogawana kazi hizo imehubiri, hata kama haikufungua kinywa. Luther alipomwandikia Frederick, mtawala wa Saxony, aliyekuwa mgonjwa sana mwaka 1519, alisema kwamba katika mwili ule unaougua aliisikia sauti ya Kristo mwenyewe ikimwita. Alikuwa anaiwaza ile hukumu ya Mathayo 25, ambapo Bwana atasema alikuwa mgonjwa, nasi tulikwenda au hatukwenda. Hatatuuliza tulitabiri nini.

Tulirudi kwa Mwalimu wiki iliyofuata. Safari hii tulikwenda bila gitaa. Tulimwambia, "Mwalimu, tumekuja kukuomba radhi. Uliuliza swali, nasi tulikimbia." Alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Basi kaeni."

Tulikaa, naye akazungumza. Alisema haogopi kufa kama anavyoogopa kukabwa usiku, mke wake akiwa amelala. Alisema ana hasira na Mungu, na hakujua aipeleke wapi. Tulimfungulia Zaburi ya 88, ile ambayo mwombaji analalamika tangu mwanzo hadi mwisho, na inafungwa gizani bila shukrani yoyote. Tuliisoma yote polepole. Alipoisikia imekwisha vile aliuliza, "Na hii nayo imo kwenye Biblia?" Tukamwambia imo, na kwamba watu wa Mungu waliiimba hekaluni. Akasema, "Isomeni tena." Baada ya hapo ndipo alipoomba tuombe, na tuliomba uponyaji, kama mwanzo, ila tuliacha neno la mwisho kwa Baba. Safari hii alisema Amina.

Tulizungumza na mke wake na muuguzi kuhusu hofu ile ya usiku. Muuguzi akaeleza namna ya kumlaza kwa mito na dawa ya kumpa. Wanakwaya wakapanga zamu ya kukesha naye, wawili wawili, ili mama apate usingizi. Mwalimu mwenzake alichukua suala la ada.

Alhamisi Kuu tulimpelekea Chakula cha Bwana. Hakuweza tena kumeza kitu kigumu. Tuliloweka chembe ndogo ya mkate katika divai mpaka ikalainika, tukampa kwa kijiko cha chai. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu kabla haijapita. Hatukumharakisha. Tulielewa siku ile, kuliko katika mahubiri yetu yote, maana ya kusema kwamba mwili huu ulitolewa kwa ajili yako. Yeye hakuwa amefanya chochote. Hakuwa na nguvu ya kufanya chochote. Alipewa.

Pasaka haikumkuta kwenye safu ya besi. Kwaya ilikwenda kwake, ikasimama uani karibu na dirisha na kuimba nyimbo za ufufuo, na mke wake alitusimulia kwamba midomo yake ilikuwa ikitembea. Alifariki mwezi Mei, asubuhi, mvua ikinyesha, na wanakwaya wawili wa zamu wakiwa kando yake. Saa chache kabla ya hapo waliona ameacha kujibu, wakaendelea kuomba Baba Yetu kwa niaba yake.

Siku ya maziko tulilijibu swali lake mbele ya watu wote, kwa kuwa tulikuwa tumemkosea mbele ya watu. Tulisema kwamba rafiki yetu alikuwa na imani. Tulisema pia kwamba hakuokolewa na ukubwa wa imani hiyo, maana kuna siku ilikuwa ndogo kama chembe ile kwenye kijiko. Aliokolewa na yule aliyemshika, naye hakumwachia. Mungu hakutuahidi kwamba hatutakufa kwa saratani. Alituahidi kwamba saratani haitatutenga na upendo wake ulio katika Kristo Yesu, na kwamba siku ya mwisho atatuita kwa majina tutoke makaburini. Ahadi hiyo tunaweza kuitamka mbele ya kitanda chochote bila kuongeza wala kupunguza, na tukitoka hatumwachii mgonjwa deni.

Huenda wiki hii upo mlango unaoukwepa kwa sababu hujui utasema nini. Nenda. Kaa. Muulize usiku ulikuwaje, na umsikilize mpaka amalize. Omba kile ambacho moyo wake unakitaka, na mwachie Mungu jibu. Kisha tazama ni pembe gani ya godoro ambayo haina mtu, uishike.